Nimeripoti bagi 61, mwenzangu 14, kwa nini anasikilizwa yeye?

Swali la msomaji: "Shikamoo dada. Nipo Iringa, nilimaliza diploma ya kompyuta mwaka jana nikapata kazi ya utesta, yaani kujaribu mfumo kabla watu hawajautumia, kwenye kampuni ndogo hapa mjini. Tunatengeneza mfumo wa vyama vya msingi, karani anapima mazao, anaingiza kilo kwenye simu, mkulima analipwa kwenye simu yake. Matesta tupo wawili. Mwenzangu ni dada ambaye hajasomea kompyuta kabisa, alikuwa wakala wa pesa za simu pale Ipogolo. Miezi mitatu hii mi nimeripoti bagi, yaani makosa ya mfumo, 61, yeye 14, lakini madevelopa wanaoandika programu wanamsikiliza yeye, mi wananiambia nawajazia takataka, na bosi juzi kamsifia mbele ya watu. Mfumo wenyewe naona uko vizuri, kuna siku tu meseji ya malipo ilikuja mara mbili ila ule ulikuwa mtandao. Niambie ukweli dada, testa mzuri na testa mbaya wanatofautiana wapi? Na nikafanye mtihani wa cheti?"

Marahaba mdogo wangu, kamwene. Nimelisoma swali lako mara tatu na nitakujibu kwa urefu, maana nipo kwenye kazi hii mwaka wa kumi na mbili sasa, minne Dar na iliyobaki hapa Mbeya, na hicho unachouliza nilikuwa nakiuliza mwenyewe nikiwa na umri wako ila sikuwa na wa kumuuliza.

Tuanze na namba zako. 61 kwa 14, zitoe kichwani kwanza. Nesi hapimwi kwa idadi ya sindano alizochoma. Ukitaka namba yako ipande ni rahisi sana, kila neno lililokosewa herufi unaliandikia ripoti yake, kila rangi, kila kitufe kilichosogea kidogo kulia, mwezi ukiisha una mia na hakuna mkulima hata mmoja aliyepona na chochote. Sisemi vitu vidogo visiripotiwe. Meseji ya malipo ikiandikwa "umelipa" badala ya "umelipwa" imekosekana herufi moja tu, lakini bibi kule kijijini atajua kakatwa hela, atashuka kwa miguu mpaka ofisi ya chama kuuliza kafanya kosa gani. Hiyo ningeiripoti leo leo na ningeikalia mpaka irekebishwe. Ila kivuli cha kitufe kutofanana kati ya ukurasa huu na ule, ungekusanya kumi kama hizo ukaziweka kwenye ripoti moja ya Ijumaa, developa angekushukuru. Nadhani kwenye 61 zako zipo nzuri kabisa, zimezama tu katikati ya vivuli vya vitufe, na mtu aliyefungua ripoti zako ishirini za kwanza akakuta rangi na nafasi, ya ishirini na moja anaifungua akiwa kachoka tayari.

Sasa mwenzako. Unasema hajasomea kompyuta, alikuwa wakala. Mdogo wangu, huyo dada amekaa kwenye kibanda anaangalia watu wanavyokosea kutwa nzima kwa miaka. Ameona mtu anataja namba haraka haraka tarakimu moja ikaruka, ameona mzee anamkabidhi simu yote na namba ya siri anaitaja kwa sauti foleni nzima inasikia, ameona mteja kabonyeza, meseji haijaja, kabonyeza tena, ameona simu ya laini mbili hela imeingia kwenye laini nyingine mwenye simu anaapa hajapokea. Akikaa mbele ya mfumo wenu hao watu wote wanakuja nae. We ukikaa mbele ya mfumo unakuja na maelekezo ya mfumo, unacheki kama kinachosemwa kinafanyika. Ni kazi halali, lazima ifanyike, lakini developa naye alishayasoma maelekezo hayohayo na ndo alichokifuata kutengeneza, kwa hiyo mara nyingi utakuta iko sawa, na huko ambako hakuna aliyeandika chochote ndo bagi zimelala.

Lakini ungeniambia nichague kitu kimoja tu kinachomtenga testa mzuri na mbaya nisingesema uzoefu wa watu, wala ujuzi wa kompyuta. Ningesema kile anachofanya akishtuka. Kila testa anashtukaga. Unaona kitu sekunde mbili hakijakaa sawa, namba imeruka, ukurasa umepepesa, mstari umejirudia. Mmoja anasimama hapohapo na hasogei mpaka ajue ni nini. Mwingine anajipa jibu la kumtuliza aendelee na kazi, na huku kwetu jibu hilo lipo mdomoni muda wote: ni mtandao tu. Mtandao, umeme, simu mbovu, mtumiaji hajui. Hayo maneno manne yamefunika bagi nyingi kuliko ninavyoweza kukuhesabia.

Ngoja nikusimulie ya kwangu, sitaitaja kampuni wala chama. Mwaka wa kwanza niliporudi Mbeya tulikuwa na mfumo unaofanana na wenu, wa kahawa, upande wa Mbozi. Nimekaa ofisini mjini, dirisha linatazama mlima Loleza, intaneti ya waya, simu mpya ya ofisi. Naingiza mkulima, kilo 47, nabonyeza hifadhi. Kale kaduara kakazunguka kama sekunde nne tano hivi, nikabonyeza tena. Nafungua orodha nakuta mistari miwili, 47 na 47, mkulima yuleyule, dakika ileile. Nikashtuka. Nakumbuka kabisa nilishtuka. Alafu nikasema aah huo mtandao, nikafuta mmoja, nikajaribu tena mara tatu haikurudia, nikaandika imepita, nikaenda kula.

Msimu ukaanza. Kule kwenye vituo vya kupokelea kahawa mtandao ni wa kutafuta, karani anapanda juu ya kifusi simu kainyoosha juu, kaduara kanazunguka nusu dakika, mbele yake foleni ya wakulima kila mtu na mzigo wake na jua linawaka, nani atasubiri hapo? Anabonyeza mara mbili, mara tatu. Kila akibonyeza ombi jipya linaondoka, yakifika sava, ile kompyuta kuu inayotunza taarifa, yote yanapokelewa, maana hatukuwa tumeweka namna ya sava kujua kwamba haya matatu ni mapokezi yaleyale ya mzigo uleule. Mwisho wa msimu kilo za kwenye mfumo zikawa nyingi kuliko kilo zilizopita ghalani, na aliyeshikwa ni karani, binti wa miaka ishirini na mbili. Akaitwa mbele ya bodi ya chama, mfumo unasema umepokea, ghala halina, sema kahawa umeipeleka wapi. Ilituchukua wiki mbili kuonyesha kwamba kahawa hiyo haijawahi kuwepo duniani, nimekaa nashuka mstari kwa mstari natafuta jozi, mkulima mmoja, kilo zilezile, sekunde zimepishana kidogo. Akarudishwa kazini. Lakini hizo wiki mbili kijiji kilimwita mwizi, mama yake akaacha kwenda jumuiya kwa aibu. Na mi ile mistari miwili nilikuwa nimeiona kwa macho yangu miezi minne kabla.

Usidhani ni mambo ya huku tu. Uingereza mfumo wa posta unaoitwa Horizon, uliotengenezwa na Fujitsu, ulikuwa unaonyesha upungufu wa fedha ambao haukuwepo, na kati ya 1999 na 2015 watu zaidi ya 900 waliokuwa wanaendesha vituo vidogo vya posta walitiwa hatiani kwa wizi na udanganyifu wa hesabu, wengine wakalala jela, mpaka 2024 ndo bunge lao likatunga sheria ya kuwafutia hatia kwa pamoja. Wengi wao walisimulia kwamba walipiga simu kuomba msaada wakajibiwa ni wewe peke yako mwenye shida hiyo. Kwa hiyo ukiona testa anasema "mtumiaji hajui" kabla hajaangalia, elewa anacheza na jina la mtu.

Na kuhusu mtandao nikwambie kitu, mara nyingi ni kweli ni mtandao. Sasa? Mtandao dhaifu huku ndo hali ya hewa yenyewe. Ukijenga nyumba Makete bila kuwaza baridi, usiku ukitetemeka utailaumu baridi? Mfumo wa wakulima lazima ujaribiwe mahali ambapo wakulima wapo. Huna nauli ya kwenda huko kila wiki, sawa, basi lete huko ofisini. Weka simu kwenye 2G, ule mtandao wa zamani wa polepole, uone. Bonyeza hifadhi alafu hapohapo washa hali ya ndege, hesabu mpaka kumi, zima, angalia kilichofika. Zima simu katikati ya malipo. Tafuta simu ndogo ya zamani yenye kioo kilichopasuka na memori imejaa video za WhatsApp, maana ndo simu aliyonayo karani. Ongeza mwanga wa skrini mpaka mwisho utoke nayo nje saa saba mchana uone kama maandishi yenu ya kijivu yanasomeka. Hayo yote ni bure na yatakupa bagi ambazo hakuna atakayeziita takataka.

Sasa ukishashtuka, unafanyaje? Unairudia. Hapa ndo kazi ilipo na hapa ndo wengi wanachoka. Kuna kisa nakipenda ingawa kinaumiza, cha mashine ya kutibu saratani kwa mionzi inaitwa Therac-25, ya kampuni ya Kanada. Kati ya 1985 na 1987 wagonjwa sita kule Kanada na Marekani walipigwa na mionzi kupita kiasi kwa sababu ya makosa ya programu na wengine walikufa. Mwaka 1986 kwenye hospitali moja mji wa Tyler, Texas, ilitokea mara mbili ndani ya wiki tatu. Baada ya mara ya kwanza mafundi walikagua wakashindwa kuirudia, mashine ikarudi kazini. Baada ya mara ya pili mwanafizikia wa hospitali, Fritz Hager, akakaa na mwendesha mashine aliyekuwepo zamu zote mbili, wakaanza kurudia kila alichokifanya, wakarudia na kurudia mpaka ule ujumbe wa kosa namba 54 uliotokea mara zote mbili ukatokea tena kwenye skrini. Kumbe siri ilikuwa kasi. Yule mama alikuwa mzoefu, anaandika haraka, alikosea herufi ya aina ya mionzi, akapandisha kishale cha skrini juu kuirekebisha, akamaliza yote ndani ya sekunde nane, na sekunde hizo nane mashine ilikuwa bado inajipanga kwa maelekezo ya mwanzo. Hata kampuni yenyewe ilipojaribu haikuiona mpaka ilipoambiwa andikeni haraka.

Angalia alichofanya huyo bwana. Hakuanza na kitabu cha mashine, alianza na mtu. Akamuuliza ulifanya nini, akamwamini, akarudia vilevile kama alivyofanya yeye pamoja na mwendo wake. Ukipata bagi iliyotokea mara moja fanya hivyo, andika kwenye daftari kila ulichogusa kabla haijatokea, ulikuwa ukurasa gani, ulitoka wapi, ulikuwa umekaa bila kugusa dakika ngapi, alafu badili kitu kimoja kimoja. Kimoja tu kwa wakati. Ukibadili simu na laini na jina la mkulima kwa mpigo, ikitokea hujui kilichosababisha, isipotokea hujui kilichoponya.

Turudi kwa hao wanaosema takataka. Sijaziona ripoti zako ila nimesoma za vijana wengi wanaoanza, na nyingi zinafanana: "Search haifanyi kazi", imewekwa skrinshoti moja iliyokatwa, alama za mshangao tatu. Developa akiisoma hana pa kuanzia, anajaribu kwake inafanya kazi, anaifunga, unakasirika, unaifungua tena, mnaanza kununiana. Ngoja nikuandikie moja ninayoiita ripoti, ya bagi ambayo nakuomba ukaitafute kwenye mfumo wenu kesho maana kwa majina ya Iringa sitashangaa ikiwemo:

"Mwanachama aliyesajiliwa kwa simu jina la ukoo Ng'umbi hapatikani akitafutwa kwenye kompyuta. Nimejaribu mara 5, imetokea mara 5. Simu ni Tecno, Android 11, kibodi iliyokuja na simu. Nimesajili mwanachama mpya Ng'umbi kwenye simu nikahifadhi. Nimeenda kwenye kompyuta ya ofisi nikaandika Ng'umbi kwenye kutafuta. Nilitegemea aje, imeandika hakuna mwanachama. Nikiandika umbi peke yake anakuja. Nikimsajili kwenye kompyuta na kumtafuta kwenye kompyuta anakuja. Nadhani, sina hakika, ile koma ya juu ya kibodi ya simu ni iliyopinda na ya kompyuta ni iliyonyooka, mfumo unaziona ni herufi mbili tofauti. Madhara: karani akimkosa atamsajili upya, mkulima mmoja atakuwa na akaunti mbili na kilo zake zitagawanyika."

Umeona? Mtu ambaye hajawahi kukuona anaweza kukaa nayo akairudia. Imesema mara ngapi kati ya ngapi. Imesema kilichotegemewa na kilichotokea. Na angalia pale pa "nadhani, sina hakika", hapo nimetenga nilichokiona na ninachokikisia, maana testa akichanganya hivyo viwili developa anakimbiza dhana yako siku nzima na bagi iko kwingine. Alafu mstari wa mwisho ndo unaomfanya bosi aipe kipaumbele, kilo za mtu zitagawanyika. Majina yenye koma hiyo huko kwenu yamejaa, vijiji navyo, Nyang'oro, Ng'ang'ange, na nimeshakuta mfumo ambao jina kama hilo linaangusha ukurasa mzima kwa sababu koma ile iliingia kama ilivyo kwenye maagizo ya databesi, ghala la taarifa za mfumo. Hiyo ni hatari zaidi, ni mlango wa wezi, ukiiona ipeleke siku hiyohiyo na usiipost kwenye grupu.

Ndo maana nawaambiaga vijana acheni kujaribu na "test test" kilo 100. Kilo 100 haipo shambani, iko 46.5, na kuna mtu ataandika 46,5 kwa koma, mfumo utasema nini? Ataandika sifuri? Atabandika namba ya simu kutoka kwenye majina ya simu yake ikiwa imeanza na +255 na nafasi katikati? Tunga majina yanayofanana na ya watu, marefu, mafupi, watu wawili wenye majina matatu yaleyale kijiji kimoja. Ila tunga, usichukue orodha halisi ya wanachama na namba zao za NIDA ukatembea nayo kwenye simu yako, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na hata isingekuwepo, zile ni taarifa za watu waliotuamini.

Kuna bagi nyingine haipo kwenye programu kabisa na bado ni bagi. Niliwahi kujaribu mfumo wa tiketi za mabasi. Wakala wa stendi anaingiza basi la saa kumi na mbili na nusu asubuhi, anaandika 12:30, kwenye kichwa chake kaandika alfajiri, mfumo umeandika mchana. Kila kitu kimepita, sehemu ya saa inapokea saa, hakuna kosa jekundu popote, na abiria wa Dar tiketi yake inamwambia aje mchana wakati basi limeshapita Makambako. Developa alisema hiyo sio bagi, mtumiaji ajifunze. Nikamwambia mama yako akikwambia njoo saa tatu unaendaga saa ngapi? Akakaa kimya, akaweka chaguo la asubuhi, mchana, jioni na usiku mbele ya saa. Hapo ndo nakwambia mwenzako wa Ipogolo anakuzidi kwa sasa, na ni kitu unachoweza kukipata, nenda ukakae na karani siku mbili za mnada wa mazao, usimfundishe, usimsahihishe, kaa pembeni uandike kila anapositasita.

Kuhusu kuishi na madevelopa sitasema mengi. Usiwaaibishe. Bagi usiitangaze kwenye grupu la WhatsApp la ofisi, na kama aliyetengeneza ni mkubwa wako kiumri mfuate mezani, shikamoo kaka, naomba unisaidie kuangalia kitu hapa kinanichanganya, mfanyie mbele yake. Ukikosea ripoti wewe, ifunge mwenyewe na uandike nilikosea. Alafu akishakurekebishia usicheki ile sehemu moja tu ukaondoka, cheki na majirani zake, maana kurekebisha hapa kunavunjaga pale.

Kitu ambacho kinahitaji moyo zaidi ni neno "imepita". Siku tatu kabla ya msimu bosi anakuuliza iko sawa? Na wote wanakuangalia. Testa mbaya anasema iko sawa bosi, kwa woga au kwa kuwapenda wenzake. Edsger Dijkstra, yule mwanasayansi wa kompyuta wa Uholanzi, alishaeleza tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 kwamba kujaribu programu kunaonyesha makosa yapo, hakuwezi kuonyesha kwamba hayapo. Kwa hiyo wewe huna hilo jibu la iko sawa, hakuna anayelo. Unachonacho ni hiki: nimejaribu kupokea mzigo na malipo kwenye simu tatu, pamoja na mtandao ukikatika, yanafanya kazi, kurudisha malipo yaliyokosewa sijagusa kabisa, na kuna moja ya wanachama kujirudia haijarekebishwa na ikitokea itakuwa hivi. Ukimaliza hapo bosi aamue, ni haki yake, ila aamue akijua. Nimewahi kununiwa kwa majibu ya namna hiyo, na nimewahi kusifiwa kwa "iko sawa" ambayo mwaka huo ilimpeleka binti wa watu mbele ya bodi.

Cheti. Wanachoongelea wengi ni ISTQB, cheti cha kimataifa cha matesta, ngazi ya kwanza ina maswali 40 ndani ya dakika 60, unatakiwa kupata 26, na ambaye lugha ya mtihani sio lugha yake anaongezewa robo ya muda. Kifanye ukipata hela, kitakupa majina ya vitu unavyovifanya na kitafungua milango ya usaili Dar, na pale kwenye kupima mipaka ya namba utajifunza kitu cha kweli. Skripti, yaani programu fupi zinazojaribu mfumo bila mkono wako, nazo jifunze taratibu, zinakuondolea kurudia mambo yaleyale kila toleo, ila skripti haishtukagi, inacheki ulichoiambia basi.

Mwisho nirudi kwenye barua yako. Umeandika, katikati kabisa, mfumo uko vizuri, kuna siku tu meseji ya malipo ilikuja mara mbili ila ule ulikuwa mtandao. Mdogo wangu, ulishtuka. Usingeshtuka usingeikumbuka mpaka leo ukaniandikia. Kesho ukifika ofisini usifungue kitu kingine. Kama meseji hizo bado zipo kwenye simu zifungue zote mbili uangalie namba ya muamala. Kama ni namba moja, inawezekana malipo ni moja na meseji ndo imerudiwa, ama na kampuni ya simu ama na mfumo wenu, muombe developa kumbukumbu za sava muone ilitumwa mara ngapi. Kama namba ni mbili tofauti, kuna mkulima kalipwa mara mbili, angalia salio la chama la siku hiyo. Kama umeshazifuta, chukua simu, weka 2G, lipa, kaduara kakianza kuzunguka bonyeza tena, na tena. Mwite na mwenzako wa Ipogolo mkae wote, muulize wateja wake walikuwa wanafanyaje meseji ikichelewa. Utakachokikuta kiandike kama nilivyokuonyesha kwa Ng'umbi, alafu nitumie nikisome kabla hujakipeleka.